BUNDUKI YA KUWINDIA: NI NANI ALIYEICHAGUA?

Somo la historia kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio

Maneno ya kujifunza kabla ya kusoma:
Mtutu: bomba la bunduki ambamo risasi hupita.
Mdeki: fimbo ya kushindilia baruti na risasi ndani ya mtutu.
Gumegume: jiwe gumu linalotoa cheche likipigwa na chuma.
Fataki: kikopo kidogo chenye dawa inayowaka ikigongwa.
Mifuo: michirizi iliyochongwa ndani ya mtutu ili kuizungusha risasi.

Ndugu zangu wa darasa la Ihumwa, na ninyi nyote wa madarasa ya Ugogo na ya mikoa mingine, somo hili mmekwisha kulisikia katika redio. Sasa limepigwa chapa ili kila mmoja alisome polepole kwa macho yake mwenyewe. Msiharakishe. Someni kifungu kimoja, simameni, mwulizane maana yake, kisha endeleeni.

Leo nataka tuulize swali moja. Katika nchi yetu, wazee waliokuwa na bunduki za kuwindia walikuwa, kwa wingi, na bunduki ya namna moja, nayo ni gobori. Wageni waliokuja kuwinda tembo na nyati katika nchi hiyo hiyo walikuwa na bunduki za namna nyingine kabisa. Kwa nini? Watu wengi hujibu upesi, "Kwa sababu ya umaskini." Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Tukisoma historia tutaona kwamba mara nyingi mwindaji hakuichagua bunduki yake. Ilichaguliwa na wengine, mbali sana na hapa.

1. Kabla ya bunduki

Wagogo tangu zamani ni watu wa ng'ombe, wa mtama na wa uwele. Lakini nchi kavu hufundisha watu kutotegemea jambo moja. Mwaka mvua ilipokosekana, nyama ya porini ilikuwa chakula cha kuokoa watoto. Watu waliwinda kwa mikuki, kwa pinde na kwa mitego. Jirani zetu Wasandawe, upande wa Kondoa, walijulikana kwa upinde, na Wahadza wa karibu na Ziwa Eyasi vivyo hivyo.

Tusidhani kwamba mtu mwenye upinde hakuchagua silaha yake kwa akili. Mshale wa ndege mdogo ulikuwa na ncha ya mti tu. Mshale wa mnyama mkubwa ulikuwa na ncha ya chuma, tena katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki ulipakwa sumu. Moja ya sumu zilizojulikana sana ilichemshwa kutoka katika mti wa msunguti, nayo husimamisha moyo wa mnyama. Basi mwindaji alijiuliza maswali mawili. Mnyama huyu ni mkubwa kiasi gani? Nitamkaribia kwa hatua ngapi? Maswali hayo mawili hayajabadilika mpaka leo.

2. Bunduki zafika Ugogo

Njia kubwa ya misafara kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipita katika nchi yetu. Wasafiri walitoka Mpwapwa, wakavuka mbuga isiyo na maji ya Marenga Mkali, wakaingia Ugogo, na hapo wakalipa hongo kwa watemi ili wapate maji na njia. Waingereza Burton na Speke walipita mwaka 1857, na Stanley alipita mwaka 1871. Lakini waliopita wengi zaidi walikuwa Wanyamwezi, Waswahili na Waarabu, wakichukua nguo kwenda bara na pembe za ndovu kwenda pwani.

Pembe hizo zilitakiwa sana Ulaya na Marekani. Zilitumika kwa vipini vya visu, kwa mipira ya biliadi na kwa funguo za piano. Bei ya pembe ilipopanda, bunduki nazo ziliongezeka.

Sasa angalieni jambo hili. Mnamo mwaka 1866 na miaka iliyofuata, majeshi ya Ulaya yalianza kubadili bunduki zao. Waliacha zile za kushindilia kwa mbele, wakachukua zile za kutia risasi kwa nyuma. Bunduki za zamani zilikuwa maelfu na maelfu, na askari hawakuzitaka tena. Wafanyabiashara wakazinunua kwa bei rahisi, wakazipakia melini, wakazileta Unguja. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja alikadiria kwamba bunduki 80,000 mpaka 100,000 huingia Afrika ya Mashariki kila mwaka. Nyingi zilikuwa zile zilizokwisha kutupwa na askari wa Ulaya. Kwa hiyo mchaguzi wa kwanza wa bunduki ya babu alikuwa mfanyabiashara, naye alichagua ile iliyokuwa rahisi kwake kuiuza.

3. Gobori na kazi yake

Wengi wenu mmeiona gobori, lakini vijana huenda hawajui jinsi ilivyotumiwa. Mwindaji alisimamisha bunduki kitako chini. Akamimina baruti katika mdomo wa mtutu. Akatia kitambaa au nyuzi za magome ya mti, akashindilia kwa mdeki. Akatia risasi, akashindilia tena. Kisha akaweka fataki mahali pake, au kama bunduki ni ya gumegume, akatia baruti kidogo katika kijisahani cha pembeni. Ndipo akawa tayari kupiga mara moja tu. Askari aliyefundishwa vizuri aliweza kupiga mara 3 kwa dakika moja. Mtu wa kawaida hakuzifikia.

Ndani ya mtutu wa gobori hamna mifuo, ni laini kama bomba. Risasi hutoka ikiyumba, na zaidi ya hatua 100 ni vigumu kujua itakwenda wapi. Mvua ikinyesha, baruti hulowa. Risasi ya timazi ikikosekana, watu walitia vipande vya chuma. Tena mtutu wa zamani, uliotiwa baruti kupita kiasi, hupasuka na kumkata mwenyewe vidole au kumpofusha macho. Hata hivyo, kwa mtu mwenye njaa au mwenye shamba linaloliwa na nguruwe, ilikuwa bora kuliko mikono mitupu.

4. Jinsi ya kuhesabu ukubwa wa risasi

Hapa tufanye hesabu kidogo. Zamani Waingereza walipima ukubwa wa bunduki kwa ratli moja ya timazi. Ratli moja ina wakia 16, nayo ni karibu gramu 454. Chukua ratli moja ya timazi, uigawanye katika tufe 12 zilizo sawa. Bunduki ambayo mtutu wake unapitisha tufe moja kati ya hizo huitwa bunduki namba 12. Kila tufe ni karibu gramu 38. Ukigawanya ratli hiyo katika tufe 4 tu, kila moja itakuwa na wakia 4, yaani robo ratli, na bunduki yake ni namba 4. Basi mnaona kwamba namba ikiwa ndogo, bunduki ni kubwa. Msisahau jambo hilo, maana huwachanganya watu wengi.

Mwingereza mmoja, Frederick Selous, aliwinda tembo kusini mwa Afrika kuanzia mwaka 1872 kwa bunduki namba 4 ya kushindilia kwa mbele. Alitia baruti kwa mkono, kama ulivyofanya mkono wa mwindaji wa Ugogo. Katika misimu 3 aliua tembo 78. Lakini bunduki hiyo ilimpiga bega vibaya hata akasema baadaye kwamba ilimharibia ustadi wake wa kulenga. Kwa nini basi aliichukua? Kwa sababu baruti nyeusi ya siku zile haikuweza kuisukuma risasi kwa mwendo mkali. Mtu aliyetaka nguvu zaidi hakuwa na njia ila kuongeza uzito wa risasi.

5. Mkataba wa mwaka 1890

Fungueni ramani ya Afrika. Tafuteni mstari wa Ikweta. Ihumwa iko karibu nyuzi 6 kusini ya mstari huo. Sasa tafuteni nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini. Sehemu yote iliyo katikati, pamoja na nchi yetu, iliwekewa sheria moja katika mji wa Brussels mwezi wa Julai mwaka 1890. Wakuu wa Ulaya walikutana huko, na sababu waliyoitaja ni kukomesha biashara ya watumwa. Walikubaliana kuzuia bunduki zisiingie katika sehemu hiyo, hasa zile zenye mifuo na zile za kutia risasi kwa nyuma.

Lakini mkataba uliacha mlango mdogo wazi. Bunduki za gumegume zisizo na mifuo, na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuuzwa kutoka katika ghala zilizosimamiwa na serikali. Msafiri mwenye cheti cha serikali yake aliweza kuingia na bunduki yake nzuri. Mwenyeji hakuweza.

Hapo tunapata jibu la swali letu, au sehemu yake kubwa. Mchaguzi wa pili wa bunduki ya babu alikuwa sheria. Biashara ya watumwa ilikuwa jambo ovu, na kuikomesha ilikuwa haki. Lakini sheria hiyo hiyo iliwasaidia watawala wapya, maana watu wenye magobori hawawezi kupigana kwa muda mrefu na askari wenye bunduki za mifuo. Mwindaji wa Ugogo akabaki na gobori hata alipokuwa na ng'ombe wa kutosha kununua bora zaidi.

6. Baruti isiyo na moshi

Mwaka 1884 Mfaransa aitwaye Paul Vieille alitengeneza baruti mpya. Iliwaka bila wingu la moshi, nayo ilikuwa na nguvu nyingi kuliko baruti nyeusi. Kwa baruti hiyo risasi nyembamba iliweza kwenda kwa mwendo mkali sana na kuingia ndani kabisa ya mnyama.

Faida yake ilionekana hapa kwetu katika vita. Mwezi wa Novemba mwaka 1914 Waingereza walishuka Tanga kuwapiga Wajerumani. Askari wengi Waafrika wa Wajerumani walikuwa bado na bunduki za mwaka 1871, zenye mtutu wa milimita 11 na baruti nyeusi. Walishinda vita vile, lakini kila walipopiga, wingu la moshi lilimwonyesha adui mahali walipolala. Fikirini jambo hilo: hata askari aliyeifia serikali ile alipewa bunduki iliyopitwa na wakati.

Baada ya baruti mpya, ukubwa wa risasi uliandikwa kwa namna nyingine. Wajerumani walitumia milimita. Mwaka 1905 fundi Otto Bock wa Berlin alitengeneza risasi ya milimita 9.3, nayo ikapendwa sana na wawindaji na walowezi Wajerumani katika Afrika. Waingereza walitumia sehemu za inchi. Risasi iitwayo 375, iliyotoka mwaka 1912, ina upana wa sehemu 375 za inchi iliyogawanywa katika sehemu 1,000. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo upana wake ni karibu milimita 9.5. Zidisheni wenyewe mhakikishe.

7. Je, risasi kubwa ndiyo bora?

Wawindaji wameshindana juu ya jambo hili kwa miaka mingi. Walter Bell, mwindaji wa pembe katika Karamoja ya Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, aliua tembo zaidi ya 1,000. Wengi wao aliwaua kwa risasi nyembamba ya milimita 7. Aliweza kwa sababu alipasua vichwa vya tembo na kuangalia ubongo ulipo, akajua kuufikia kutoka kila upande. Wengine waliposikia habari zake walichukua bunduki ndogo kama yake, lakini hawakuchukua elimu yake.

Mnyama aliyejeruhiwa hafi palepale. Nyati hujificha kichakani na kumngoja anayemfuata. Na anayekutana naye siku ya pili huenda asiwe mwindaji. Huenda awe mama anayetafuta kuni, au mtoto anayechunga mbuzi. Kwa sababu hiyo wenye kutunga sheria za uwindaji walianza kuweka kipimo cha chini cha risasi kwa wanyama wakali, na kipimo kilichojulikana zaidi katika Afrika ya Mashariki ni hiyo 375. Hekima yake ni hii: sheria haiwezi kutegemea kwamba kila mtu ni fundi kama Bell. Risasi yenye nguvu ya kutosha ni huruma kwa mnyama, na ni usalama kwa jirani.

Huenda mmoja wenu akauliza, "Na bastola je?" Bastola ya kuzunguka, yenye vyumba vya risasi 5 au 6, ilisajiliwa na Mmarekani Samuel Colt mwaka 1836. Wasafiri wa Kizungu waliopita Ugogo waliivaa kiunoni, lakini kazi yake ilikuwa kujilinda na kuwatisha watu. Huko Marekani baadhi ya watu huwinda kwa bastola, hasa baada ya mwaka 1955 ilipotoka risasi ya bastola yenye nguvu iitwayo 44 Magnum. Hata hiyo, nguvu yake ni karibu robo tu ya nguvu ya 375. Mtutu wake ni mfupi, haina kitako cha kuegemeza begani, na mkono ukitetemeka kidogo risasi hukosa. Mtu hapaswi kumwendea nyati wa nchi hii na silaha ya namna hiyo.

8. Mwindaji na jangili

Pamoja na sheria za bunduki zilikuja sheria za wanyama. Gavana Mjerumani von Wissmann alitoa amri ya uwindaji mwaka 1896, akataka leseni na kutenga mahali pa wanyama. Mwaka 1900 wakuu wa Ulaya walikutana London wakakubaliana, pamoja na mengine, kuzuia nyavu na mashimo ya kutegea. Waingereza walipoichukua nchi waliunda Idara ya Wanyama mwaka 1919, wakatoa sheria mwaka 1921, tena mwaka 1940, tena mwaka 1951. Mkubwa wa idara hiyo watu walimwita Bwana Nyama.

Ni kweli kwamba wanyama walihitaji kulindwa, maana biashara ya pembe ilikuwa imemaliza tembo katika nchi nyingi. Lakini tazameni jinsi mzigo ulivyogawanywa. Mgeni tajiri aliyelipa leseni na kuwinda kwa kujifurahisha aliitwa mwindaji. Mwenyeji aliyefanya kazi ile ile kwa shimo au kwa gobori bila cheti, ili watoto wale, aliitwa jangili. Tofauti yao ilikuwa karatasi na fedha. Wazee waliliona jambo hilo, nalo likawauma.

Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, wanyama wakawa mali ya taifa lenyewe. Mwezi wa Septemba mwaka huo Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kutangaza huko Arusha kwamba wanyama ni amana ambayo lazima tuwatunzie watoto wetu. Serikali ilisimamisha uwindaji mwaka 1973 mpaka mwaka 1978, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 1974 ilifuatwa na ile ya mwaka 2009.

Je, uchungu wa zamani unampa mtu ruhusa ya kuua ovyo? Hesabu inajibu. Mwaka 2009 tembo wa Tanzania walikadiriwa kuwa karibu 109,000. Mwaka 2014 walibaki karibu 43,000. Ondoeni 43,000 katika 109,000 muone kilichopotea kwa miaka 5. Tembo hao hawakuliwa na watoto wenye njaa. Pembe zao zilikwenda ng'ambo, kama zilivyokwenda pembe za misafara ya zamani, na waliotajirika hawakuwa watu wa kijiji.

9. Inatupasa nini?

Gobori bado zipo. Nyingine ni za urithi, nyingine hutengenezwa na wahunzi kwa mabomba ya chuma ambayo hayakutengenezwa kwa kazi hiyo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hutaka kila bunduki iwe na leseni, hata ile ya babu. Ikiwa katika nyumba yako kuna bunduki ya urithi isiyo na cheti, usiifiche darini, wala usimpe kijana aijaribu. Zungumza na viongozi wa kijiji na polisi mapema, kabla haijaleta msiba au kesi.

Na kama siku moja utakuwa na haki ya kuwinda, kumbuka yale maswali mawili ya mtu wa upinde: ukubwa wa mnyama, na hatua za kumkaribia. Ongeza la tatu, ambalo babu hakupewa nafasi ya kuliuliza: sheria hii imetungwa na nani, na kwa faida ya nani? Babu hakuweza kusoma mkataba wa Brussels, wala hakuna aliyemsomea. Ninyi sasa mnasoma. Sheria ya wanyama na sheria ya bunduki zimeandikwa kwa Kiswahili au zaweza kuelezwa kwa Kiswahili. Ziulizeni katika mkutano wa kijiji, zijadilini, na pale zinapoonea, semeni. Mwenye kujua kusoma hachaguliwi kila kitu na watu wa mbali.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini bunduki za zamani za askari wa Ulaya ziliuzwa Unguja kwa bei rahisi?
2. Ratli moja ya timazi ikigawanywa katika tufe 8, kila tufe ina wakia ngapi? Bunduki yake ni namba gani?
3. Mkataba wa mwaka 1890 ulimruhusu nani kuwa na bunduki ya mifuo, na ulimkataza nani?
4. Walter Bell alitumia risasi nyembamba. Kwa nini si busara kila mtu kumwiga?
5. Mwulize mzee mmoja wa kijijini jinsi watu walivyowinda zamani. Andika majibu yake katika mistari 10, uyasome mbele ya wenzako.